Dar hadi Minneapolis mwenyewe na watoto wawili: nipite Doha, Amsterdam, Addis au Nairobi?

MamaWawili_Mbezi:
Wakuu habari za humu. Mume wangu yuko Minnesota, visa zetu za kuhamia zimetoka, sasa natafuta tiketi. Nitasafiri mwenyewe na binti wa miaka mitatu na nusu, na mdogo wake wa kiume wa miezi kumi. Hakuna shangazi wala jirani anayeelekea huko. Nimezunguka kwa mawakala wa Posta hadi miguu imeuma, nimebaki na njia nne:

1. Qatar: Dar, Doha, Chicago, halafu ndege ya ndani.
2. KLM: Dar, Amsterdam, halafu Minneapolis moja kwa moja. Safari ya pili ni ndege ya Delta.
3. Ethiopian: Dar, Addis, Chicago, halafu ndege ya ndani. Ndiyo rahisi kuliko zote.
4. Kwenda Nairobi, Kenya Airways hadi New York, halafu ndege ya ndani.

Ya Amsterdam imeizidi ya Addis karibu laki tisa kwa sisi watatu. Baba watoto anasema laki tisa ni kitanda cha watoto hicho. Waliowahi kusafiri peke yao na watoto naomba mnisaidie. Wasio na watoto mpite kimya kimya.

Kino_Boy:
Sina watoto, napita kimya kimya. Ila Amsterdam.

MamaPacha_Houston:
Dada yangu, usihesabu saa za angani. Hesabu ni mara ngapi utalazimika kumwamsha mmoja, kumfunga mwingine mgongoni, kukusanya vikombe na soksi chini ya viti, na kuhama. Ndani ya ndege hata wakilia, mko mahali pamoja, choo kipo, chakula kinaletwa. Taabu iko uwanjani.

Sasa sikiliza jambo ambalo mawakala wengi hawalisemi. Ukiingia Marekani, uwanja wa kwanza unaotua ndiko unakopita uhamiaji, na ndiko unakochukua mabegi yako yote kwenye mkanda, unapita nayo forodha, ndipo unayakabidhi tena kwa ndege ya ndani. Hata kama kibandiko kimeandikwa Minneapolis tangu Dar. Kwa hiyo njia ya kwanza na ya tatu zina maana hii: umetoka kwenye ndege ya saa kumi na nne na zaidi, una watoto wawili, unashusha masanduku mwenyewe Chicago, unayarudisha, unapanda treni ya uwanja kwenda jengo jingine, unakaguliwa upya, kompyuta na maziwa ya mtoto. Na wewe una visa ya kuhamia, si ya kutembea. Wengi wa visa hizo hupelekwa chumba cha pembeni kukamilisha karatasi, na foleni ya humo haina adabu. Ndege ya ndani haikusubiri.

Kwa Amsterdam hayo yote yanafanyika Minneapolis, mwisho wa safari, na baba yao yuko nje ya mlango. Hata wakikuweka saa tatu humo, hakuna ndege ya kukimbilia.

Bint_Kisauni:
Assalam alaykum. Mimi nitamtetea Mhabeshi kidogo maana naona ashahukumiwa. Sisi wa Mombasa tunapanda ndege hapahapa hadi Addis bila kupitia Nairobi, na mimi nilikwenda hivyo hadi Toronto na wanangu. Wahudumu wao wanapenda watoto, mmoja alimchukua mdogo akazunguka naye nikala chakula changu kikiwa moto. Hilo nalo lina thamani.

Ila nisiwadanganye. Uwanja wa Bole, ule wa Addis, uko juu, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na ndege haiwezi kuruka ikiwa imejaa mafuta ya kufika Amerika. Basi wakati wa kwenda hutua njiani kuongeza mafuta. Abiria mnabaki ndani, taa zinawashwa, na aliyekuwa amelala anaamka. Kurudi hakuna shida hiyo. Ukipata wakala anakuambia "moja kwa moja" muulize inatua wapi njiani.

MamaPacha_Houston:
Na hilo la taa kuwashwa saa nane za usiku mimi ndilo silitaki kabisa.

Otieno_wa_Donholm:
Kenya Airways ilianza New York tarehe 28 Oktoba 2018 na ni kama saa kumi na tano hewani kwenda. Kwa mtu wa Nairobi mwenye mtoto mmoja na mwisho wa safari ni New York yenyewe, sioni mpinzani. Inaondoka usiku, watoto wanalala. Kwako wewe dada inakosa faida, kwa sababu unaanza na Dar–Nairobi na unamaliza na New York–Minneapolis. Hayo ni yaleyale ya mabegi aliyosema Mama Pacha, na JFK, uwanja wa New York, si mahali pa kubebea mtoto mgongoni ukitafuta geti.

Sharjah_Kijana:
Kuna njia hamjaitaja. Abu Dhabi wana ofisi ya uhamiaji wa Marekani palepale uwanjani, tangu 2014. Unakaguliwa kabla ya kupanda, ukifika Marekani unatoka kama mtu aliyetoka mkoa mwingine, mabegi hayakuhusu hadi mwisho. Etihad wanaruka Nairobi. Kwa mwenye visa ya matembezi na mtoto ni nzuri sana.

MamaWawili_Mbezi:
Ahsante kaka, lakini hapo naona nitapanda ndege tatu au nne. Ngoja niulize kingine. Huyu wa miezi kumi hana kiti, ni wa kupakatwa. Wakala ameniahidi kitanda cha mtoto ukutani. Kweli kipo?

Wakala_Mstaafu:
Kipo, ila wakala hawezi kukuahidi. Vitanda hivyo hufungwa kwenye ukuta ulio mbele ya safu ya kwanza ya sehemu, ni vichache, na huombwa kwa shirika lenyewe mapema. Piga simu wewe mwenyewe ukishapata namba ya tiketi, kisha uulize tena kaunta siku ya safari.

Kabla ya hapo mpime mtoto. Mashirika mengi ya Ghuba huishia kilo 11. Delta ni kama kilo 9, na urefu wanapima pia. Mtoto wa miezi kumi aliyekula uji vizuri anaweza kuwa amevuka. Na kwa kuwa safari yako ya pili ni ndege ya Delta, sheria za humo ni za Delta hata kama tiketi imeandikwa KLM. Watu wengi huambiwa ndiyo na huyu, wakafika geti la yule wakaambiwa hapana.

Ukikipata, jua kwamba ndege ikitikisika utaambiwa umtoe umpakate. Faida yake kubwa ni nafasi ya miguu, binti anaweza kukaa chini akachora. Hasara: mikono ya viti vya safu hiyo mara nyingi hainyanyuki, kwa sababu meza imo ndani yake, kwa hiyo binti hawezi kukulalia mapajani vizuri.

Bei ya wa kupakatwa huwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, pamoja na kodi. Kama pesa inaruhusu mnunulie kiti, lakini najua pesa hairuhusu.

Kino_Boy:
Aombe wheelchair. Mama yangu mkwe husafiri hivyo, anasukumwa hadi mlangoni, foleni zote anapita pembeni.

MamaPacha_Houston:
Mama mkwe wako ana magoti. Dada huyu ana miguu miwili mizima, viti vile vina wenyewe. Isitoshe mwenye kiti hushushwa wa mwisho, na mtoto wa miaka mitatu amechoka, nani atamshika mkisubiri?

Wakala_Mstaafu:
Mpo sahihi kwa kiasi. Lakini ipo huduma halali ya kusindikizwa, kwenye mfumo wa tiketi inaandikwa MAAS. Unaliambia shirika: nasafiri peke yangu na watoto wadogo wawili, naomba mtu wa kunipokea pale ninapobadili ndege. Kuna wanaoitoa bure, kuna wanaotoza, na kuna viwanja ambavyo hakuna mtu atakayetokea. Iombe, lakini usiitegemee kwa asilimia mia.

nesi_wa_zamu:
Naona mtu ameniuliza pembeni kuhusu piriton ili walale. Hapana. Kuna watoto ambao dawa hiyo huwageuza, badala ya kulala wanaruka viti usiku kucha, na kwa mtoto chini ya mwaka inaweza kulegeza kupumua. Hakuna daktari mle.

Masikio: ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua. Mnyonyeshe mdogo wakati huo, binti mpe cha kunyonya au maji ya mrija. Maziwa na maji ya mtoto yanaruhusiwa kuzidi mililita 100, ila uyatoe kwenye begi na useme mwenyewe kabla hawajakuuliza.

Mbeleko utaambiwa uifungue kwenye ukaguzi, basi usiifunge mafundo manne.

Mukongo_Omaha:
Jambo ndugu zangu. Kwa wale wa pasipoti ya Kongo ya Kinshasa wanaosoma hapa: sisi tumo kwenye orodha ya watu wanaotakiwa visa ya kupitia uwanja wa ndege wa nchi za Schengen, hata kama hutoki nje ya geti. Mwenye visa halali ya Marekani au Kanada husamehewa. Watanzania hawamo kwenye orodha hiyo ya pamoja, ila nchi mojamoja zina orodha zao. Beba visa ya kila mtoto mkononi, si kwenye sanduku.

Bint_Kisauni:
Na barua ya baba yao. Iandikwe kwamba anaridhia watoto wasafiri nawe, iwe na sahihi ya wakili au mthibitishaji, pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Mimi Toronto niliulizwa. Hasa kama jina lako si la watoto.

MamaWawili_Mbezi:
Nimelipia Amsterdam. Kulikuwa na ya kubadili ndege kwa saa moja na dakika kidogo, nimeikataa, nimechukua ya saa nne. Mama Pacha nimemsomea mume ule ujumbe wako wa mabegi ya Chicago, akanyamaza, akasema lipa. Kigari nitabeba kile chepesi cha kukunja. Mdogo ana kilo tisa na nusu, kwa hiyo kitanda naomba cha KLM tu, kwa Delta sihangaiki.

Bado moja. Baba anakuja kutupokea na gari la rafiki yake. Nimeambiwa siruhusiwi kumpakata mtoto garini. Kweli?

MamaPacha_Houston:
Kweli kabisa, na polisi hawana utani. Aje na viti viwili vya gari: cha mdogo kitazame nyuma, cha binti kina mikanda ya mabegani. Avifunge siku moja kabla, maana kukifunga mara ya kwanza kwenye maegesho ya uwanja huku watoto wanalia ni ugomvi wa bure. Kama ni majira ya baridi, makoti manene yavuliwe kabla ya kufunga mikanda, wafunikwe blanketi juu. Koti likiwa ndani mkanda unakuwa umelegea bila kuonekana.

MamaWawili_Mbezi:
Namtumia sasa hivi.