Uwanja wa Mkapa mvua ikinyesha tunahamishiwa fainali, halafu 2027 tunaipokea Afrika nzima

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na zile za Simba na Yanga, hapa hakuna utani wa jadi, naongelea AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, tuliyopewa sisi na Kenya na Uganda tangu Septemba 2023, na naongea kwa hasira kwa sababu kila kiongozi akishika maiki ni uwanja mpya Arusha, viti elfu 30, jiwe la msingi, picha na wakandarasi wamevaa helmeti, ila ule uwanja mmoja mkubwa tulionao tayari, Mkapa hapa Dar, uliofunguliwa 2007, hakuna anayetaka kuulizwa unatunzwaje.

Tukumbushane ya 25 Mei 2025. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba kafungwa 2-0 na RS Berkane kule kwao Morocco, marudiano ndo nyumbani, uwanja wa watu elfu 60, ile kauli ya "Kwa Mkapa hatoki mtu" ilitakiwa ifanye kazi siku ile. CAF, shirikisho la mpira Afrika, wakaja wakakagua, mvua zilikuwa zinapiga Dar, wakakuta eneo la kuchezea limejaa maji, wakasema hapa hapachezwi. Mechi ikapelekwa Amaan Zanzibar, uwanja wa watu kama elfu 15, ikaisha 1-1 na kombe likaondoka. Nawapongeza Zanzibar, Amaan waliifumua wakaifungua upya mwishoni mwa 2023 na ikawa tayari siku tuliyoihitaji, ila niambieni ukweli, masika Dar imeanza juzi? Kila mwaka Machi hadi Mei inanyesha, mtoto wa darasa la pili anajua, kwahiyo mtu anayelipwa mshahara kusimamia uwanja anashtukizwaje na mvua ya Mei?

Na msiniambie ni bahati mbaya. Machi mwaka huohuo CAF walishaufungia uwanja kwa ubovu wa hapohapo pa kuchezea, tukarekebisha harakaharaka ukafunguliwa, Simba akacheza na Al Masry robo fainali. Yaani onyo tulipewa miezi miwili kabla na bado tukaumbuka. Aprili 2023 taa zilizimika katikati ya mechi ya Yanga na Rivers United, robo fainali, wageni wamesimama gizani na matangazo yanaenda Afrika nzima. Mwezi uliofuata, mechi ya kwanza ya fainali, Yanga na USM Alger ya Algeria, watu walikanyagana kwenye kuingia na mtu akafa. MTU ALIKUFA wakuu, alikuja kuangalia mpira. Halafu tukaendelea kama kawaida, mpaka leo mechi kubwa ikija bado ni ileile, kijua cha saa saba, watu wamebanana getini, wazee na watoto humohumo, askari anapiga kelele rudi nyuma na nyuma hakuna pa kurudi.

Najua kuna watu watakuja kusema mbona CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilienda vizuri. Ilienda, na nilifurahi, ile 2-0 na Burkina Faso siku ya ufunguzi nilikuwepo mzunguko na nyasi zilikuwa kapeti. Ila CHAN yenyewe ilitakiwa Februari 2025 ikasogezwa mpaka Agosti kwa sababu nchi zote tatu hazikuwa tayari! Na Agosti Dar ni kiangazi. Kapeti la Agosti halinithibitishii chochote, nataka kuliona hilo kapeti mwezi wa nne asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Angalieni AFCON ya Morocco, mvua zilimwagika Rabat mechi baada ya mechi na mpira ulikuwa unatembea tu chini, kwa sababu chini ya zile nyasi kuna mchanga na mabomba yaliyowekwa na watu wanaojua, na kuna watu wa kuyahudumia kila siku ya Mungu.

Hapo ndo penye tatizo letu. Kila mechi uwanja unakatiwa chake kwenye mapato ya getini, na mechi Dar zipo nyingi, Simba, Yanga, Taifa Stars, ukiweka na Simba Day na Wiki ya Mwananchi, sherehe za Simba na Yanga za kufungua msimu, ambako yanapandishwa majukwaa na maspika mazito. Hiyo hela inaingia wapi? Kwanini isiwe na akaunti yake, ya nyasi, taa, pampu, vyoo na viti tu, isiguswe kwa semina wala posho? Ukarabati wa mabilioni tumetangaziwa tangu 2023, mkandarasi ni wale Wachina waliojenga, sawa, lakini mkandarasi akikabidhi funguo anaondoka, anayebaki ni mtunza nyasi ambaye hana mashine wala mbolea.

Na wale wanaong'oa viti kama ile mechi ya Simba na Sfaxien Desemba 2024 nao wakamatwe walipe, sitetei mtu.

Mikoani ndo usiseme. Kirumba, Sokoine, Jamhuri, viwanja vya CCM miaka nenda rudi, timu za ligi kuu zinacheza kwenye vumbi na vichuguu halafu tunataka vijana waje wacheze na kina Morocco, waliotutoa CHAN robo fainali hapohapo Kwa Mkapa.

Ninachotaka Wizara waweke hadharani kabla ya masika ijayo ni vitu vichache. Mkataba wa matunzo ya Mkapa upo na nani, mapato ya uwanja ya mwaka mzima na yalikoenda, na jina la mtu mmoja, cheo na namba ya ofisi, atakayewajibika nyasi zikijaa maji tena. Msemaji wa Serikali asituletee video ya drone. Na huo uwanja wa Arusha, tuoneshwe bajeti ya kuutunza mwaka wa kwanza kabla hata utepe haujakatwa.