Acheni kuuza farasi hewa: RX-7 na RX-8 zinamalizwa na mafundi wa "kuongeza nguvu"

Wakuu, uzi huu nauandika kwa hasira na sitauzungushia maneno.

Imekomaa biashara ya kuwauzia wenye Mazda RX-7 na RX-8 farasi hewa, yaani nguvu za injini ambazo hazipo. Gari linaingia gereji likiwa zima, linafungwa ekzosi iliyo wazi, linachomekewa kidude cha kupandisha busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo), linatoka likinguruma mtaa mzima. Baada ya muda linagoma kuwaka likiwa la moto, kompresheni imekwisha, na fundi anafunga mjadala kwa kusema rotari (hii injini ya kuzunguka isiyo na pistoni) ni injini mbovu, weka ya pistoni. Rotari si mbovu. Mmeiua kwa kuifanyia kazi kinyumenyume, kisha mnaitukana maiti.

Kwa injini hii mpangilio ni mmoja: rudisha kwanza nguvu iliyopotea, ndipo uongeze. Gari la 1989, au hata la 2004, halina tena farasi lililotoka nazo kiwandani. Sehemu kubwa ya hizo "nguvu za ziada" mnazouziwa zimo humo humo kwenye injini, zimefungiwa na kaboni, koili zilizochoka na nozeli zilizoziba.

Na mpangilio huu si suala la ladha. Injini ya magari haya, 13B, ina rota mbili (vipande vya pembe tatu vinavyozunguka badala ya pistoni), kila moja cc 654, jumla cc 1,308. Kila rota ina nyuso tatu, na kwenye kila ncha kuna sili ya chuma inayokwangua ukuta wa hausingi (ganda la injini) muda wote injini inapozunguka. Sili hizo zina unene wa milimita 2 tu tangu modeli ya 1986. Za zamani zilikuwa milimita 3. Pistoni inaweza kuvumilia kugonga mara kadhaa petroli inapolipuka kabla ya wakati. Sili ya ncha hupasuka kwa pigo moja zito. Kipande kinachana kromu ya hausingi, kinatoka na moshi na kwenda kuvunja mapanga ya turbo. Sekunde moja, bili mbili.

Kwa hiyo kabla ya spana yoyote, pima kompresheni. Hapa ndipo uongo unapoanzia. Geji ya kawaida ya pistoni inashikilia namba ya uso ulio bora kuliko wote na kukuficha mingine miwili. Kinachotakiwa ni kipimo cha rotari kinachotoa namba tatu kwa kila rota, pamoja na kasi ambayo staata inazungusha injini. Ukikikosa, toa ile vali ndogo inayoshikilia presha kwenye geji ya kawaida, kisha angalia sindano: lazima ipige mapigo matatu yanayolingana. Pigo moja likiwa dhaifu, kwa kawaida shaka ni sili ya ubavuni. Mapigo mawili yanayofuatana yakiwa dhaifu, shaka ni sili ya ncha, kwa sababu ncha moja ndiyo inayotenganisha vyumba viwili. Injini iwe imepata moto, betri imejaa, petroli na umeme wa plagi vimekatwa, pedali imekanyagwa hadi chini. Aliyepima injini ikiwa baridi na betri imechoka amekupa namba za betri.

Kwa RX-8, kwenye mizunguko 250 kwa dakika, injini nzuri inasoma 8.5 kgf/cm² na kikomo cha chini ni 6.9. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi 1.5, na kati ya rota na rota isizidi 1.0. Watu wa Nairobi, hili ni lenu hasa: mko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 19. Injini inayosoma 8.5 Mombasa au Dar es Salaam itasoma karibu 6.9 Nairobi bila kuwa na ugonjwa wowote. Kuna injini zinafunguliwa kwa sababu fundi hakufanya hesabu hiyo ndogo. Ni aibu.

RX-8 ndiyo rotari ambayo wengi wetu tunaikuta, kwa kuwa imeingia kama mtumba kutoka Japani, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Kwanza ujue unayo ipi. Kuna ya poti (matundu) nne za kuingizia hewa, farasi 210, na kuna ya poti sita yenye gia sita za kukanyaga klachi, farasi 250. Hakuna filta wala chipu inayogeuza ya kwanza kuwa ya pili. Tofauti iko kwenye chuma chenyewe. Anayekuahidi hivyo ni mwongo, na nalisema bila kupepesa macho.

Kwenye ile ya 250 kuna vali tatu zinazofunguka kwa zamu kadiri mizunguko inavyopanda: ya kwanza karibu 3,750, ya poti za ziada karibu 6,250, na ya njia ya hewa karibu 7,250. Kaboni na oili huzigandisha. Vali ya kwanza ikiganda imefungwa, gari linakuwa zito kuanzia mizunguko ya kati. Za juu zikiganda, linakata pumzi kule kwenye 7,000 ambako ndiko farasi zake zinaishi. Ile ya kwanza huendeshwa na vakyumu, hivyo pampu ya mkono inatosha kuonyesha kama fimbo yake inatembea. Za poti za ziada huzungushwa na mota ya umeme. Kuzisafisha maana yake ni kuteremsha manifodi ya hewa, kuloweka na kusugua, siyo kupuliza dawa ya kopo kupitia filta. Kazi hiyo haina kelele wala mng'aro, ndiyo maana hawataki kuifanya.

Koili nazo. RX-8 ina koili nne na ni dhaifu. Wengi wenye uzoefu huzibadilisha zote kila takriban kilomita 50,000, pamoja na plagi. Plagi ya chini ndiyo inayotangulia na ni RE7C-L, ya juu ni RE9B-T. Msizichanganye. Koili ikidhoofika, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye katalisti, yale masega ya ndani ya ekzosi. Masega yanayeyuka na kuziba, moto unarudi kwenye injini, sili zinapoteza uwezo wa kubana. Gari linakuwa zito, halafu mtu anauziwa filta ya hewa. Mkuu, toa katalisti uiangalie kwa tochi kabla ya kununua chochote.

Sasa RX-7 ya kizazi cha pili, FC ya 1985 hadi 1991. Zilizouzwa Japani zilikuwa na turbo, ila zile za Marekani na Uingereza zipo pia zisizo na turbo: za Marekani ni farasi 146 kwa za mwanzo, 160 kuanzia 1989. Hizi ndizo zinazoharibiwa kwa ujinga mtupu. Injini yake ina poti sita, na zile mbili za ziada hufunguliwa na vibomba vinavyozunguka ndani yake. Kwenye modeli za 1986 hadi 1988, kinachosukuma vibomba hivyo ni presha ya moshi ndani ya ekzosi. Soma tena sentensi hiyo. Ukifunga ekzosi iliyo wazi kabisa, presha inapotea, poti mbili hazifunguki, na gari linapoteza nguvu za juu huku likipiga kelele zaidi. Kuanzia 1989 kazi hiyo ilihamishiwa kwenye pampu ya hewa, na mafundi wale wale wanaitoa "kupunguza uzito". Matokeo ni yale yale.

Kupima ni rahisi: paka grisi kwenye fimbo za akchueta (vile vidude vinavyozungusha vibomba), endesha gari hadi mizunguko 6,000 na ushee, simama, fungua boneti. Grisi ikiwa haijafutika, poti hazijafunguka. Dawa ni kuzipa hewa kutoka kwenye pampu ya asili, au pampu ndogo ya umeme yenye swichi inayofuata mizunguko. Wapo wanaong'oa vibomba kabisa. Nguvu za juu zinapatikana, lakini chini gari linakuwa legelege, na kwa gari la foleni sikushauri. Ukishahakikisha poti zinafunguka, hapo ekzosi nzuri yenye hedazi (mabomba ya moshi yanayoanzia kwenye injini) inalipa kweli, kwa sababu rotari isiyo na turbo inapenda sana moshi utoke bila kizuizi. Ni ekzosi ile ile. Kilichobadilika ni mpangilio.

FC ya turbo ndiyo makaburi yenyewe. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya kiwandani kwenye zile za mwanzo inakata petroli busti ikifika karibu bari 0.6. Imewekwa kuilinda injini. Ukifungua ekzosi yote, tundu dogo la westigeti (njia ya kupunguzia moshi unaozungusha turbo) halimudu kupitisha moshi, busti inapanda yenyewe bila kuguswa, na petroli inakatwa. Fundi anafanya nini? Anafunga kile kidude kinachoidanganya sensa ya presha ili boksi lisikate. Petroli haijaongezeka hata tone! Hewa imeongezeka, petroli ni ile ile, mchanganyiko umekuwa mkavu, sili imepasuka. Hiyo si kazi ya ufundi, ni uharibifu wa mali ya mtu.

Njia sahihi: toa turbo, panua tundu la westigeti na uweke kifuniko kikubwa zaidi kitakachoziba tundu jipya, kisha hesabu petroli. Rotari inakunywa takriban cc 6.8 kwa dakika kwa kila farasi. Nozeli nne za cc 550 ni cc 2,200. Usizitumie zaidi ya asilimia 85, inabaki 1,870. Gawa kwa 6.8 unapata farasi 275 za injini, basi. Hapo ndipo mwisho wa nozeli za asili, hata ufunge turbo ya lori. Ukitaka zaidi, badilisha nozeli mbili za pili, weka pampu ya lita 255 kwa saa yenye waya wake wenye rilei (swichi ya umeme), na kontroli boksi inayoprogramiwa. Chini ya busti, uwiano wa hewa kwa petroli uwe karibu 11 kwa 1, usomwe kwa sensa ya masafa mapana, siyo kwa kunusa moshi. Plagi ya juu ichelewe nyuma ya ile ya chini kwa nyuzi 10 hadi 15. Anayeziwasha karibu karibu ili kupata farasi tano za kwenye karatasi anachezea sili zako.

FD, yaani RX-7 ya kizazi cha tatu, ya 1991 hadi 2002, ina kosa lile lile kwa sura nyingine. Inatoka na busti ya takriban bari 0.7. Kuondoa katalisti ya kwanza ni jambo jema, maana inachemsha chumba chote cha injini. Ila ukiondoa na ile kubwa bila kupanua westigeti, busti inaweza kufika bari 1 au kuizidi, na boksi la asili halina petroli ya kiwango hicho. Na msiamini geji ya joto ya FD, inakaa katikati hadi mambo yameharibika. Funga geji ya kweli. Ikipita nyuzi 110, zima.

Mambo mawili ambayo hayaongezi farasi hata moja lakini ukiyaruka usiendelee. Kwenye reli ya petroli ya FC na FD kuna kidude cha kutuliza mapigo ya presha. Kiwambo chake kikizeeka kinavujisha petroli juu ya injini ya moto, na magari yameungua kwa sababu hiyo. Badilisha. La pili ni oili ya kulainisha sili: hata kama pampu yake inafanya kazi, changanya oili ya tu-stroku isiyoacha majivu mengi, mililita 5 hadi 8 kwa kila lita ya petroli. Ukiiondoa pampu hiyo kabisa, uwiano uwe 1 kwa 100, kila unapojaza, bila kusahau hata mara moja.

Kuhusu kuchonga poti, kifupi: poti ya mtaani ni sawa injini ikiwa tayari imefunguliwa. Poti ya daraja, ile inayochongwa zaidi, ni ya mashindano. Sailensa (mizunguko ya gari likiwa limesimama) inakuwa juu, unywaji unapanda, na mizunguko ya chini inakufa.

Ninachodai kwa kila anayelipia kazi hii: usitoe shilingi kabla hujapewa namba sita za kompresheni pamoja na kasi ya staata, na usilichukue gari bila rekodi ya uwiano wa hewa na petroli kutoka mizunguko 3,000 hadi mwisho. Fundi anayekataa kukuandikia hayo, ondoa gari lako hapo. Wenye namba zenu ziwekeni hapa chini, mkitaja mji ili tuzirekebishe kwa mwinuko.

NYONGEZA: Mnaoniuliza kuhusu kufunga turbo kwenye RX-8. Uwiano wake wa kompresheni ni 10 kwa 1, FD ni 9. Moshi wake unatokea ubavuni, na poti ya katikati inatumiwa na rota zote mbili, hivyo joto linarundikana hapo hapo. Inawezekana kwa busti ndogo, kwenye injini iliyopimwa, yenye rejeta na kipoza oili vilivyo vizima, na boksi lililopangwa upya. Ukiwa na bajeti ya turbo lakini hujabadilisha koili, bado hujafika kwenye mazungumzo hayo.