Mrejesho: diski ya laptop iliyokuwa ikilia tik-tik kwenye USB

Wakuu, niliuliza kwa nini diski ya inchi 2.5 iliyotolewa kwenye laptop inalia tik-tik bila kuzunguka, hapa Kampala. Diski ni nzima, tatizo ni umeme. Lebo yake inasema 5V 0.7A, lakini mota ikianza kuzunguka huvuta karibu 1A kwa sekunde chache, ndipo hushuka. Tundu la USB 2.0 limepangiwa 500 mA (yaani 0.5A) tu. Waya wa USB mrefu mwembamba ukazidisha tatizo: mita ilisoma 4.4V kwenye diski, wakati inahitaji angalau 4.75V. Kwa waya wa sentimita 30 na habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) yenye adapta yake ya 5V 2A, sasa ni 4.9V na faili zinasomeka. Tafadhali msiipe 12V, itaungua! Hiyo ni ya diski za inchi 3.5. Nanakili data kwanza.