Mchanga wa paka: nibaki na wa kugandamana au nihamie peleti za mbao?

Kidevu
Wakuu, salaam. Paka wangu amezoea mchanga wa udongo, ule unaogandamana akikojoa. Umenichosha: vumbi kila ukiumimina, na chembe nazikuta mpaka kitandani. Nimeona kuna peleti za mbao (vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa), kuna chembe za silika, na kuna hii ya soya. Niliyo nayo inakaribia kuisha, nataka ninunue mzigo mkubwa mara moja nitulie. Nichukue ipi?

Shangazi Nyau
Mwanangu, maswali kwanza. Ana umri gani? Jike au dume? Amehasiwa? Wako wangapi humo ndani, na trei ngapi? "Paka wangu" peke yake haitutoshi. Mzigo mkubwa nao uache kabla hajajaribu, akiukataa utaukalia wewe.

Fundi Kimya
Peleti za mbao, sioni mjadala hapa. Zikilowa mkojo zinabomoka kuwa unga. Ukiwa na trei ya chekeche, unga unashuka chini na peleti kavu zinabaki juu. Kinyesi unazoa, basi. Vumbi kidogo, na kwa ukubwa wake hazing'ang'anii nyayo.

Binti Kipepeo
Fundi, na hizo peleti zako! Nilisafiri nikamwachia mdogo wangu nyumba. Mchanga ukaisha, naye kwa nia njema kabisa akaosha trei kwa sabuni ya limau, akajaza peleti mpaka juu, bila hata punje moja ya mchanga wa zamani. Paka akaingia, akakanyaga mara moja, akakung'uta mguu, akatoka. Tangu hapo choo chake kikawa begi langu la nguo lililoachwa wazi. Begi likafungwa, akahamia kapu la nguo chafu. Kapu likainuliwa, akaenda nyuma ya kabati, na huko hakuna aliyejua mpaka uvundo ulipojitangaza wenyewe. Mdogo wangu anapiga deki kwa dawa yenye amonia, na kwa pua ya paka amonia inanuka kama mkojo, kwa hiyo mnyama anarudi palepale kuongeza wa kwake. Nimerudi nyumbani, mlangoni tu nikajua. Tulirudisha mchanga wa zamani na bado begi akaliona mali yake, mpaka tulipopata dawa ya vimeng'enya, ile inayovunjavunja mkojo wenyewe badala ya kuufunika kwa manukato. Begi nililitupa. Peleti sitaki kuzisikia.

Fundi Kimya
Sasa hapo peleti zina kosa gani? Limau paka wengi hawaitaki, na choo kimebadilishwa ghafla. Hata ungemwekea dhahabu angeikataa.

Shangazi Nyau
Fundi ana haki nusu. Ghafla ndiyo tatizo. Unachanganya robo mpya na robo tatu ya zamani, akitumia bila kusita unafika nusu kwa nusu, unaendelea hivyo kwa wiki moja au mbili, na mwenye kisirani hata zaidi. Akianza kuchungulia na kuondoka, rudi hatua moja. Au weka trei ya pili yenye kitu kipya kando ya ile ya zamani, achague mwenyewe. Lakini Fundi, paka asili yake ni yule wa porini wa nchi kame, wengi wanataka chembe laini za kufukua. Mzee mwenye viungo vinavyouma peleti zinamsumbua nyayo. Silika inanyonya vizuri na harufu inapungua, ila haigandamani, na wapo wasiopenda inavyokwaruza.
Kidevu, majibu yangu yako wapi?

Kidevu
Nipo, shangazi. Ni jike, miaka mitatu, hajahasiwa. Trei moja. Ana watoto wanne, wameanza kula chakula kigumu. Halafu mke wangu ni mjamzito, na mama mkwe anasema huo mchanga una ugonjwa.

Shangazi Nyau
Hayo yote ulikuwa umeyafungia wapi? Watoto wa umri huo wanaonja kila kitu, na udongo wa bentonaiti, ndio huo wako unaogandamana, hufura ukipata maji. Wakiumeza unaweza kuwaziba matumbo. Mpaka wapate kama miezi minne, wape wa karatasi au peleti, kwenye trei yenye ukingo mfupi.

Pilipili Kichaa
Mjamzito ndani ya nyumba na bado mnajadili mchanga? Toa paka wote.

Binti Kipepeo
Pilipili, punguza moto. Ugonjwa unaosemwa ni toksoplasmosisi, unaoweza kumdhuru mtoto tumboni, na kimelea chake kinatoka kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa. Mchanga hauhusiki. Mayai yake yanahitaji siku moja mpaka tano baada ya kutoka ndipo yaambukize, kwa hiyo trei izolewe kila siku, na azoe Kidevu, si mkewe. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa nazo zinaambukiza. Amuulize daktari wa kliniki ya wajawazito, wapo wanaopima damu.

Pilipili Kichaa
Na Kidevu akisafiri? Atazoa nani?

Kidevu
Mama mkwe hagusi. Nimeshamuuliza.

Fundi Kimya
Basi jawabu lipo: peleti. Watoto salama, vumbi kidogo.

Shangazi Nyau
Watoto sawa. Mama yao je? Yeye kazoea laini, na trei ni moja. Kanuni ni trei kwa kila paka na moja ya ziada.

Kidevu
Hao ni watano! Nyumba yote iwe choo?

Binti Kipepeo
Anza na mbili, watoto watapata wenyewe wa kuwalea. Mama yao umhasi, la sivyo utarudi hapa na wengine wanne.

Pilipili Kichaa
Naona wa soya wameandika unaweza kumwagwa chooni. Huo si ndiyo rahisi?

Fundi Kimya
Usimwage. Mabomba yanaziba, na hayo mayai ya kimelea yanaweza kupita kwenye mitambo ya majitaka yakiwa hai. Funga kwenye mfuko, tupa na taka.

Pilipili Kichaa
Na trei zenye kifuniko je? Mnazionaje?

Binti Kipepeo
Harufu inafungwa ndani na paka, ndivyo ninavyoziona.

Fundi Kimya
Wa kwangu anayo na hana shida. Inategemea na trei, nyingine ni finyu mno.