Acheni kuwadanganya watu kwamba viungo vya kuchemshia kaa vinaondoa haja ya chumvi!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naomba niseme.

Kuna mtindo umeshika kasi kwenye video za mapishi. Mtu anachukua vile viungo vya unga vya Kimarekani, vya kuchemshia kaa na kamba, anavimwaga kwenye kila kitu: mayai, viazi, kuku, supu ya dengu, hadi bisi. Sawa, jiko ni lako, pika utakavyo. Kinachonitoa povu ni sentensi inayofuata: "Ukishaweka hivi, huhitaji chumvi tena." Nenda kwenye maoni uone watu wanavyoielewa. Mwenye presha anashukuru, mwenye figo anauliza zinapatikana wapi, na mwenye video anawajibu kwa vikopa vya mapenzi!

Huhitaji chumvi kwa sababu umeshaiweka! Geuza kopo usome. Kule Marekani sheria inataka viambato viorodheshwe kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Kwenye nyingi ya poda hizi kinachotangulia ni chumvi, au "chumvi ya seleri", ambayo ni chumvi ileile iliyochanganywa na mbegu za seleri, ile mboga ya majani yenye harufu kali.

Haya mambo yamenifika nyumbani, ndiyo maana sinyamazi. Mama mkwe wangu ana presha. Daktari alimwambia apunguze chumvi, na yule mama akiambiwa jambo na daktari analishika. Chumvi ikaondoka mezani siku hiyohiyo. Ndipo akakutana na moja ya hizo video, akaagiza kopo. Kijiko cha chakula kizima kinaingia kwenye kisufuria cha supu yake peke yake, halafu anakung'uta tena juu ya yai la kuchemsha mpaka linakuwa jekundu. Presha haishuki. Wanawe wakaanza kumshuku kwamba anakula chumvi kwa kificho. Mama mzima anahojiwa na watoto aliowazaa, anaapa hajagusa chumvi, na kweli hajagusa! Mpaka nilipolichukua lile kopo na kumulika yale maandishi madogo kwa tochi ya simu.

Twende kwenye hesabu. Chukua Old Bay, maarufu kuliko zote, ile iliyoanzia Baltimore na Gustav Brunn, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler. Na hii wala siyo kali kwa chumvi ukiilinganisha na poda za kumimina kwenye maji. Lebo yake inasema robo kijiko cha chai ina miligramu 140 za sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha. Kijiko cha chakula ni robo kumi na mbili za namna hiyo, yaani miligramu 1,680. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku nzima. Supu ya mchana peke yake imemaliza karibu yote, hujahesabu mkate, hujahesabu yai lililopakwa rangi, na wengine wanatia kiungo cha mchemraba juu yake. Kampuni haijaficha, namba ipo kwenye kopo. Anayeificha ni yule anayekufundisha kupika.

Na ukijua viungo hivi vilikusudiwa nini, ndipo hasira inazidi. Kule Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, wanachemsha kamba wa mito na mabwawa kwenye masufuria makubwa sana ya nje. Mnyama yumo ndani ya gamba, na gamba halipitishi ladha kirahisi. Kwa hiyo maji yanatiwa chumvi na pilipili kupita kiasi makusudi, yanachemka muda mfupi, moto unazimwa, wanaachwa walowe humo mpaka ladha iingie. Kisha maji yote yanamwagwa. Sehemu kubwa ya ile chumvi haifiki tumboni mwa mtu yeyote! Maryland, jimbo lenye mji ule wa Baltimore, nako kaa wanapikwa kwa mvuke, viungo vinarundikwa juu ya gamba tabaka zima. Mlaji analivunja gamba kwa mikono, anachomoa nyama nyeupe, na kinachomfikia mdomoni ni kile kilichonata kwenye vidole. Gamba linatupwa pamoja na viungo vyake.

Sasa wewe unakitoa kitu hicho unakimimina kwenye supu, ambako hakuna gamba wala maji ya kumwaga. Kila chembe inaliwa. Kipimo kinawezaje kuwa kilekile? Nimeona video mtu anasema "pakiti nzima" kwa sufuria la wali. Pakiti iliyoandikwa ni ya kuchemshia kilo kadhaa za kamba! Hivi aliuonja ule wali, au alizima kamera akaenda kula kitu kingine?

Hata ukiacha chumvi, kuna mambo ya jikoni hawa walimu hawayasemi. Ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hauyeyuki vizuri. Poda iliyoonekana ya kawaida kwenye maji, ikikaangwa kwenye mafuta moto itawakohoza nyumba nzima. Baadhi zina asidi ya sitriki, ule uchachu wa ndimu, ukitia kwenye supu ya maziwa inakatika mabonge, na ukitia mapema kwenye maharage yanachelewa kuiva. Halafu lile neno "viungo" kwenye lebo. Marekani wanaruhusiwa kuandika "viungo" tu bila kutaja kipi na kipi, na haradali inaweza kuwa imejificha humo. Ulaya haradali na seleri lazima vitajwe kwa majina, kwa sababu vipo kwenye orodha ya vyakula 14 vinavyoleta mzio. Mtu ana mtoto mwenye mzio wa haradali, anaambiwa "nyunyiza tu popote". Mnacheza na watu.

Sisemi viungo hivi ni vibaya. Harufu yake ni tamu, na seleri, pilipili na karafuu kwenye viazi vya kuoka ni kitu kizuri sana. Anayetaka harufu hiyo kila siku bila chumvi ana njia. Kuna vile vifuko vya viungo vizima, kama cha kampuni ya Zatarain's ya New Orleans: haradali, giligilani, pilipili kali, majani makavu ya kunukishia mchuzi, havina chumvi ndani. Unatumbukiza kifuko kwenye sufuria, ladha ikitosha unakitoa. Ila soma, maana haohao wanauza na poda iliyojaa chumvi, na ukifumba macho dukani utabeba hiyo. Au saga mwenyewe mbegu za seleri, paprika, pilipili manga, pilipili kali na karafuu kidogo sana, chumvi uweke kwa mkono wako ukijua ni kiasi gani.

Najua watakuja hapa wa kusema "mimi natumia kila siku na sijafa". Hongera, una miaka ishirini na kitu na figo nzima. Mimi nazungumzia wazee wanaofuata masharti ya daktari kwa uaminifu wote kisha wanapotoshwa na mtu mwenye kamera na taa ya duara.

Kwa wenye video, najua mnapita humu. Futeni ile sentensi. Onyesheni upande wa nyuma wa kopo kabla hamjafungua kifuniko, semeni sodiamu ni ngapi na kijiko mlichotumia ni kipi. Hayo ni maneno ya sekunde kumi. Na mliowajibu wagonjwa kwa vikopa, rudini kwenye yale maoni mkawaambie ukweli, mmoja mmoja.