Tiba ya maigizo na hedhi: zoezi la "kuwa tumbo" linakwama

Karatasi_ya_Manila: Wadau, hamjambo. Kundi la wanawake 10, ukumbini Kayole, Nairobi, dakika 90 kila Jumamosi. Nia ni mwili uache kuonekana mzigo siku za hedhi. Baada ya salamu kila mmoja anaigiza tumbo lake la uzazi. Nusu wanacheka, wengine wanaganda. Kasoro iko wapi?

LesoMbili: Kwenye mpangilio, dada. Umewavisha uhusika kabla mwili haujaamka. Sue Jennings, mtaalamu wa tiba ya maigizo wa Uingereza, hupanga hivi: mwili, kisha vitu, uhusika mwisho. Dakika 20 za mwanzo ziwe za nyayo sakafuni, mabega na pumzi. Macho wazi, na asiguswe mtu. Halafu kila mmoja apewe leso (kanga), aikunje, aikamue au aipige fundo mpaka ifanane na anavyohisi siku ya kwanza. Leso ndiyo iseme: "Nimekazwa hapa." Ndipo uiulize inataka nini: ilegezwe, ifunikwe, iachwe? Kicheko usikikemee, watu wanajikinga.

Mkeka_Mpana: Na kuvua uhusika, yaani kutoka kwenye igizo, je? Tenga dakika 15. Fundo lifunguliwe, leso ikung'utwe, irudi kikapuni. Kila mtu ataje jina lake na atakachopika jioni. Ukikatisha kwa sababu muda umeisha, mtu anapanda matatu na fundo lake. Aliyeganda asilazimishwe kueleza: ataje vitu vitano anavyoviona. Likizuka suala la kudhulumiwa, hiyo ni kazi ya mtaalamu aliyesomea.

Nesi_Mashariki: Maumivu mengi ya hedhi huletwa na prostaglandini, kemikali zinazokaza misuli ya mji wa mimba. Igizo haliziondoi. Chupa ya maji moto husaidia, hata ibuprofeni baada ya chakula, kwa asiye na vidonda vya tumbo. Anayelowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa, anayetokwa damu zaidi ya siku 7, au ambaye maumivu yanazidi mwezi hadi mwezi, aende kliniki: huenda ni fibroidi (uvimbe wa mji wa mimba) au endometriosi (tishu kama za utando wa mji wa mimba kuota nje yake). Choo cha ukumbi nacho kiwe na komeo, maji na pipa lenye kifuniko. Pedi ziweke humo chooni. Mezani kwako hakuna atakayekuja kuomba.

Karatasi_ya_Manila: Asanteni. Leso ziwe mpya?

LesoMbili: Kuukuu. Mpya ina wanga, haikamuliki.