Kihisi kinasoma nyuzi 23, sisi tunalowa jasho. Huu ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Tumepanga ofisi ghorofa ya nne hapa Dar, upande wa magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua linapiga vioo mpaka pazia halishikiki. Tumelalamikia viyoyozi tangu Novemba. Januari meneja wa jengo akatangaza kwa mbwembwe kuwa wanafunga "sensa" za kupima joto kila ghorofa (mlinzi akauliza, kwani si tulishahesabiwa 2022?). Ada ya huduma ikapanda mwezi huohuo.

Kimekuja kufungwa kihisi kimoja, ghorofa nzima. Wapi? Kwenye korido, chini kabisa ya mdomo wa kiyoyozi! Hakuna dirisha pale, hakuna mtu, hakuna kompyuta. Kinapuliziwa baridi kutwa, kitaacha kusoma 23? Mezani kwangu nimeweka kipimajoto cha Kariakoo, saa tisa kinagonga 30. Nikilalamika najibiwa "mfumo unaonyesha mko sawa". Kwani anayekaa humu ni mfumo?

Kipimo hukaa usawa wa kifua, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, mbali na jua na mbali na upepo wa mashine. Na ukitaka kujua kiyoyozi kizima au kibovu, unapima hewa inayoingia na inayotoka. Fundi wetu kapima: inaingia 30, inatoka 26. Kizima hushusha kama nyuzi 8 mpaka 12. Alipofungua chujio, vumbi lile unapanda mchicha ukaota.

Kinachonichoma zaidi ni grafu yao wenyewe. Saa nane usiku korido inasoma 21! Yaani viyoyozi vinanguruma jengo likiwa tupu, na umeme wa korido tunachangishwa wapangaji. Hilo meneja halioni.

Hewa ndiyo usiseme. Viyoyozi vya ukutani vinazungusha ileile, tuko watu 11, madirisha hayafunguki. Ikifika saa kumi kila mtu anasinzia. Kipimo cha kabonidayoksaidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua, hata hawakukifikiria.

Wajuzi wa mikataba ya pango: naweza kudai kumbukumbu zote za hicho kihisi, na kihamishiwe ndani kwa gharama zao? Au nigome kulipa ada ya huduma, wakitaka wafunge mlango, tujue moja?